Dereva mlevi aliyerudia kosa: gereza au matibabu?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia.)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo limeleta ubishi vikundini. Dereva amekamatwa akiendesha gari akiwa mlevi. Akalipa faini, akarudi nyumbani. Akakamatwa tena. Je, mtu huyo afungwe, ama apelekwe akatibiwe? Wengine wenu mnasema afungwe, atatumaliza. Wengine mnasema ni mgonjwa, ahurumiwe. Sisi tunaona kila upande una ukweli wake, lakini hautoshi peke yake.

Kwanza tuangalie sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema mtu akiendesha gari amelewa hata hawezi kulitawala vizuri, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, au vyote viwili. Akiua mtu kwa kuendesha vibaya, kifungo kinaweza kufika miaka 10.

Sasa, faini hiyo inalipwa na nani? Mnajua wenyewe. Ng'ombe wa maziwa anauzwa. Mama anakuja kwa kikundi kuomba mkopo, ama anaomba zamu yake ya mzunguko iletwe mbele. Karo inakwama. Yeye mlevi hajauza hata shati. Jumamosi yuko tena kwa usukani, na nyuma ya pikapu wamekaa akina mama na magunia yao ya kabeji. Faini ya namna hiyo imeadhibu mke na watoto, na barabara haijapata usalama wowote.

Gereza je? Akiwa ndani hawezi kugonga mtu. Hilo ni jambo kubwa, na mzazi aliyefiwa na mtoto barabarani ana haki ya kulitaka. Lakini kifungo kina mwisho. Kama hakutibiwa, atatoka na kiu ile ile, kazi hana, na rafiki zake wanamngoja kilabuni.

Tena kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akinyimwa pombe ghafula, katika siku chache za kwanza anaweza kutetemeka, kuona vitu ambavyo haviko, kushikwa na degedege, hata kufa. Anahitaji daktari au muuguzi karibu. Hiyo ni kwa selo na pia nyumbani. Msimfungie mlevi chumbani ati mnamtibu.

Tuwageukie wanaosema ahurumiwe. Ni kweli, madaktari wanahesabu utumwa wa pombe kuwa ugonjwa. Lakini ugonjwa haumpi mtu ruhusa ya kuendesha gari. Kipofu tunamhurumia, wala hatumpi usukani. Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mlevi mwingi hakubali kwamba ana shida mpaka aone mlango unafungwa.

Wengine wamejaribu kuunganisha njia hizi mbili. Huko Marekani, jimbo la South Dakota lilianza mpango mwaka wa 2005 kwa madereva walevi waliorudia makosa. Mtu anapimwa pumzi asubuhi na jioni, kila siku. Akiwa safi, anakwenda kazini kwake na kulisha watoto. Akipatikana amekunywa, anaingia selo papo hapo, siku moja au mbili tu. Watafiti waliouchunguza baadaye waliona kwamba kukamatwa tena kwa madereva walevi kulipungua. Adhabu ni ndogo, lakini haichelewi na haikosi.

Kenya nayo ina mlango wake. Kipima pumzi cha Alcoblow kililetwa barabarani Desemba 2013, lakini kinakamata tu, hakiponyi. Mlango tunaousema uko mahakamani. Sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 1998 inahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, na kosa hili ni la miaka 2. Pia iko sheria ya probesheni, ambapo hakimu anaweza kumwachilia mtu akiwa chini ya uangalizi na kwa masharti. Kabla ya kuamua, hakimu humtuma afisa wa probesheni kuuliza familia, chifu na majirani.

Hapo ndipo ninyi mnaingia. Afisa akija, msimfunike mtu wenu kwa kusema "ni kijana mzuri tu". Wala msimzike. Semeni ukweli: amelewa akiendesha mara ngapi, nani atamsimamia, nani atamfikisha hospitali. Hospitali ya Mathari, Nairobi, inatibu watu wa namna hii. Ulizeni pia hospitali ya kaunti yenu. Vikundi vya AA, vilivyoanza Marekani mwaka 1935, viko Kenya pia na havitozi ada.

Kwa hivyo maoni yetu ni haya. Kwanza, ufunguo utoke mkononi mwake. Leseni izuiwe na mwenye gari asimpe kazi ya udereva. Pili, atibiwe kwa amri ya mahakama, si kwa kubembelezwa, na awe akiangaliwa. Tatu, akikataa matibabu, ama akishika usukani tena akiwa amelewa, afungwe, na sisi tusifanye harambee ya kumlipia faini. Aliyeua mtu, ajibu mbele ya sheria. Tusikae chini ya mti kuyamaliza kwa mbuzi.

Nendeni mkayazungumze haya katika vikundi:

1. Gari linalobeba mizigo yetu ya soko, nani anajua hali ya dereva kabla halijaondoka? Mwanachama akimwona amelewa, ana nguvu ya kusema "tushuke"?

2. Je, kikundi chetu kimewahi kutoa mkopo wa kulipa faini ya mlevi? Pesa hizo zilisaidia nani?

3. Kama kati yetu kuna anayeuza pombe, anafanya nini akiona mteja anachukua funguo za gari?

Mungu awabariki na awalinde barabarani.