Njia za Miguu za Waingereza



Najua mnangojea habari za London. Mimi nitasema juu ya matope.

Nilipokaa Sheffield, kila Jumapili ya Septemba hadi Novemba nilifuatana na kikundi cha watembeaji kwenda vilima vya Peak District. Majani hugeuka rangi ya kutu, kisha hudondoka. Na saa zikisharudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, saa kumi na moja jioni jua limekwisha kuzama.

Baridi niliizoea. Lililonishangaza ni njia kukatiza shamba la mtu, katikati ya kondoo wake, naye hawezi kutufukuza maadamu tunafunga lango. Njia hiyo imechorwa kwenye ramani, ni haki ya kila apitaye, hata mgeni kama mimi.

Kule juu nyikani mambo yalikuwa mengine. Mabwana waliifunga milima wapate kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester, waliupanda Kinder Scout kwa makusudi, wakapambana na walinzi. Watano walifungwa gerezani. Sheria ya kuruhusu watu kutembea huru nyikani ilipitishwa mwaka 2000!

Kwa hiyo kikundi chetu kilitoka hata siku ya mvua, maana njia isiyopitwa huota miiba, na mwenye shamba huweka seng'enge. Mzee wetu mmoja alibeba mkasi wa kukatia matawi.

Ramani ninayo hapa. Vijana wanaotaka kuiona waje mbele.