Nyutroni Tatu Tu

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba tuzungumze juu ya kitu ambacho mimi na wewe hatutakiona kwa macho: kiini cha atomi.

Mimi si mwanasayansi. Shuleni nilikariri kwamba kiini hicho kina protoni na nyutroni, nikafaulu mtihani, nikasahau. Majuzi binti yangu wa kidato cha tatu aliniuliza: "Baba, kama nyutroni haina chaji, ina kazi gani?" Nikakosa jibu. Ikanibidi nisome upya.

Protoni zote zina chaji chanya, na chaji zinazofanana hufukuzana. Nyutroni, ambayo James Chadwick aliigundua huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1932, husaidia kuzishikamanisha. Idadi ya protoni ndiyo inayokipa kitu jina lake: 79 ni dhahabu, 92 ni urani. Nyutroni zikizidi au zikipungua jina halibadiliki, bali tabia.

Urani iliyo nyingi ardhini ina nyutroni 146. Katika kila atomi 1,000, kama saba tu ndizo zenye nyutroni 143. Tofauti ni nyutroni tatu! Lakini hizo saba hupasuka kwa urahisi zikiingiwa na nyutroni moja ipitayo, ambayo, kwa kuwa haina chaji, haifukuzwi mlangoni. Kiini kikipasuka hutoa nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo hupasua viini vingine, mithili ya moto wa nyika.

Tarehe 6 Agosti 1945 moto huo uliiteketeza Hiroshima. Na sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya kazini na sokoni. Wachimbaji wale hawakuambiwa mawe yao yanakwenda kufanya nini. Mradi wote ulikuwa siri.

Nyutroni hizo hizo, zikidhibitiwa, huendesha mitambo ya umeme. Kwa hiyo ubaya haumo kiinini, umo katika nia ya mwenye kujua, na katika ukimya wa asiyejua.

Ndiyo maana sipendi kusikia mzazi akimwambia mwanawe kwamba fizikia ni mambo ya wenzetu. Mawe yalikuwa yetu. Elimu ya mawe hayo ndiyo hatukuwa nayo.

Kwa leo naishia hapa, ndugu msikilizaji. Kwaheri.