Amani Huanzia Mlangoni kwa Mbunge
(Maneno kwa vikundi vya Kikambala)

Twataka tuwape habari ya Uganda Kaskazini. Vita vya Kony vilipozidi, viongozi wa makanisa na Waislamu wa Acholi waliungana. Askofu Ochola wa Kitgum alikuwamo, ijapokuwa mkewe aliuawa na bomu la ardhini mwaka 1997. Waliwaendea wabunge, wakisema: wengi wa hao waasi ni watoto wetu waliotekwa, wapeni njia ya kurudi. Bunge lilipitisha sheria ya msamaha, nayo ikaanza kutumika mwaka 2000. Vita havikuisha siku ile, lakini maelfu waliweka silaha chini. Basi nasi tukiwa na neno, tusingoje kampeni. Tumwendee mbunge mapema, kwa adabu, tena na tena.