Masikio kwanza, shamba libaki



Tangu turudi kutoka Nyarugusu, wazazi wanatuuliza: mtoto ana miaka mine, hasemi, tuuze shamba tumpeleke Bukavu kwa mtaalamu wa kusemesha, wa prive?

Hatusemi musiende. Tunasema masikio kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuiga maneno, na homa ya uti wa mgongo inaweza kuharibu masikio. Mumwite kwa nyuma, asiwaone. Asipogeuka, musingoje: hospitali. Hata akigeuka, apimwe. Na musilaumu Kibembe na Kiswahili cha nyumbani. Luga mbili hazimfungi mtoto mdomo.

Akiisha kupimwa, ndipo muulize mtaalamu: mara ngapi kwa mwezi, franga ngapi, na mzazi atakaa ndani ajifunze? Maana saa moja kwake ni kidogo. Siku yote mtoto iko na mama, kwenye maji, kwenye moto. Pale ndipo maneno yanazaliwa.

Tunaomba sanduku letu lilipe kipimo na njia. Shamba tulilorudia, lisiuzwe kabla ya kujua ugonjwa.