Maji Yaliyozidi



Karibu na mlango wa jikoni kwangu palikuwa na kichaka cha rosemari alichopanda mama yangu. Mama alipofariki nilisema moyoni kwamba mmea huu hautakufa mikononi mwangu. Nikaunywesha maji asubuhi na jioni. Majani yakaanza kuwa manjano. Nikadhani una kiu, nikaongeza maji.

Jirani yangu, mama mzee, akaja akafukua kidogo, akanionyesha mizizi. Ilikuwa myeusi, imeoza. "Mwanangu," akasema, "umeuzamisha."

Rosemari asili yake ni nchi za Bahari ya Kati, penye jua kali na udongo wa mawe. Yule mama akakata vijitawi vilivyobaki vizima, vya sentimita 10 hivi, akaondoa majani ya chini, akavichomeka katika mkebe uliotobolewa, wenye udongo na mchanga. Baada ya majuma kadhaa vikatoa mizizi, nami nikavipanda juani, mahali pasipotuama maji. Sasa simwagilii kabla ya kutia kidole na kuona udongo umekauka. Nikipogoa, nakata ncha za kijani tu, kwa maana mti mkavu usio na majani ni vigumu kuchipuka tena.

Ndugu msikilizaji, nilipoitazama mizizi ile nilimkumbuka kijana wangu. Kila alipokopa, nililipa mimi. Alipozidi kulegea, nikazidi kutoa. Nilijiita baba mwenye huruma, kumbe niliogopa asinikasirikie. Basi nikamwita, nikamwambia kwamba deni lile jipya atalilipa mwenyewe. Akaondoka bila kuaga. Kwa miezi mitano sikupata habari zake, na usiku mwingi niliomba huku nikijiuliza kama nimempoteza.

Leo yuko katika karakana ya useremala. Deni halijaisha, lakini analipa.

Katika Yohana mlango wa 15, Bwana Yesu anamfananisha Baba yake na mkulima wa mizabibu. Mkulima huyo hutunza, naye hukata pia. Je, wewe mzazi, unampa mtoto wako anachohitaji, au kile kinachokutuliza wewe?

Tuombe. Ee Baba, tufundishe kutoa, na tufundishe kuzuia mkono kwa wakati wake. Amina.