Aljebra na Kazi ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Ilipojulikana kwamba tutanena habari za aljebra, wengine walicheka wakasema, "Hayo tuliyaacha shuleni." Hatuwalaumu. Wengi wetu tulifundishwa herufi kwa fimbo, wala hatukuambiwa ina maana gani. Lakini hesabu hizi tangu zamani zimo mikononi mwa makarani, na karani asiyezijua aweza kumdhulumu mwenziwe bila kukusudia. Sisi tunaosema nanyi tumekwisha kufanya dhuluma hiyo.

Katika chama kimoja ambacho hatutakitaja, walikuwamo wanachama 48. Daftari la mfuko wa maziko lilikuwa na majina 29 ya waliolipa, na daftari la chumba cha kusomea lilikuwa na majina 26. Mtu mmoja akajumlisha, akapata 55. Akasimama mkutanoni akauliza, "Hawa saba waliozidi wametoka wapi?" Basi ikadhaniwa kuwa mweka hazina ameandika watu wasiokuwapo, ili fedha ya maziko ipate njia ya kutokea. Ikaandikwa barua ya kumtaka ajiuzulu, nasi tulitia sahihi zetu.

Kabla barua haijapelekwa, karani mmoja kijana aliomba madaftari yote mawili. Akachora duara mbili zilizopandana kidogo. Akasoma jina kwa jina, akaona watu 12 wamo katika madaftari yote mawili. Hao akawaandika pale duara zinapopandana. Kwa hiyo waliolipa maziko peke yake ni 29 kutoa 12, ndio 17; na waliolipa chumba peke yake ni 26 kutoa 12, ndio 14. Jumla yao 17 na 12 na 14 ni watu 43. Katika watu 48, waliobaki nje ya duara zote mbili ni watano, ambao hawakulipa hata senti moja. Hapakuwa na jina la uwongo. Palikuwa na watu 12 waliohesabiwa mara mbili. Na katika wale watano, mmoja alikuwa yule yule aliyepiga kelele mkutanoni. Barua ikachanwa, nasi tukaenda kwa mweka hazina kumwomba radhi.

Hesabu ile huitwa hesabu ya seti. Seti ni kundi lililotajwa wazi, hata kila kitu kijulikane kama kimo au hakimo. Mjerumani Georg Cantor aliweka msingi wa elimu hii kwa maandiko yake tangu mwaka 1874, na Mwingereza John Venn alieleza duara za namna ile mwaka 1880. Kanuni yake kwa makundi mawili ni fupi: jumlisha makundi, kisha toa mara moja wale waliomo katika yote mawili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata daftari lisomwe kwa akili.

Sasa tutazame mlinganyo, ambao waogopwa zaidi. Mlinganyo ni mizani yenye vitanga viwili vilivyo sawa. Ukiondoa kitu katika kitanga kimoja, ondoa kadiri ile ile katika cha pili, nayo mizani haitainama. Herufi ni jina la kitu tusichokijua bado, kama tunavyosema "fulani" mpaka tumtambue.

Tuseme karani amerudi safarini na hati yake imelowa mvua, hata idadi ya siku haisomeki. Jumla aliyolipwa yaonekana, nayo ni shilingi 176,000. Nauli ya kwenda na kurudi ni 56,000, na posho ya siku moja ni 30,000. Siku tuziite s. Basi 30,000 mara s, pamoja na 56,000, ni sawa na 176,000. Tuondoe 56,000 pande zote mbili; zabaki 30,000 mara s sawa na 120,000. Tugawanye pande zote mbili kwa 30,000; s ni 4. Kisha turudi kuhakikisha: siku 4 kwa 30,000 ni 120,000, ongeza nauli 56,000, jumla 176,000. Kurudi huku kusiachwe kamwe, kwa maana ndiko kunakomwezesha mdogo kumwonyesha mkubwa kosa lake kwa adabu, bila ubishi.

Wala mtu asidhani kwamba elimu hii ni ya kigeni kwetu. Katika Misri, nchi ya bara letu hili, mwandishi aliyeitwa Ahmes alinakili hesabu juu ya mafunjo yapata mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Masihi. Mafunjo hayo yamehifadhiwa London. Moja ya hesabu zake yauliza: lungu moja ukiongeza sehemu yake ya saba hupata 19, lungu hilo ni kiasi gani? Jibu ni 16 na sehemu tano za nane. Huo ni mlinganyo kamili, nao uliandikwa na mtu wa kazi kama yetu.

Baadaye, katika karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu ambacho katika jina lake limo neno al-jabr, na humo ndimo lilimotoka neno aljebra. Maana yake ni kurudisha kilichopunguka mahali pake, na neno hilo hilo hutumika kwa kuunga mfupa uliovunjika. Alisema kwamba aliandika kwa haja za watu katika mirathi, wasia, kesi, biashara na kupima ardhi. Hizo zote ni kazi zipitazo juu ya meza zetu.

Basi, ndugu zetu, shauri letu ni hili. Kila tawi liweke saa moja kwa juma baada ya kazi, na kila mtu alete hesabu moja iliyomshinda ofisini mwake. Tusianze na vitabu vigumu, tuanze na hati zetu wenyewe. Anayejua asimcheke asiyejua, na mzee asione haya kufundishwa na kijana, kwa kuwa sisi tulifundishwa na kijana, naye alituokoa tusimvunjie heshima mtu mwema.