Minyororo Haikumponya

Neno tutakalolitafakari asubuhi hii latoka katika Injili ya Marko, sura ya 5, mstari wa 1 hadi wa 20. Mwenye Biblia karibu na aifungue. Aliye jikoni au njiani na atege sikio tu.

Twasoma habari za mtu mmoja wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini. Watu wa kwao walikuwa wamemfunga kwa pingu na minyororo, tena si mara moja bali mara nyingi, naye kila mara aliikata. Usiku na mchana alipiga kelele na kujikatakata kwa mawe. Angalieni vizuri jambo hili, ndugu zangu. Watu wale hawakuwa wavivu. Walijaribu. Lakini walijua dawa moja tu, nayo ni mnyororo. Mnyororo ulipokatika, walitafuta mwingine. Hatusomi mahali popote kwamba yuko mmoja wao aliyesimama mbele yake akasema naye kama mtu na mwenziwe. Yesu ndiye aliyeshuka chomboni akamwuliza jina lake.

Leo twataka kusema juu ya watu walio makaburini katika siku zetu. Ni vijana wetu, wa kiume na wa kike, wanaotumia unga, yaani heroini. Wako Mombasa na Malindi, wako Lamu na Ukunda, wako Nairobi. Hatusemi kwamba kila atumiaye unga ana pepo. Uraibu ni ugonjwa, na waganga wanaujua na wana dawa zake. Twasema tu kwamba minyororo ile ya Wagerasi bado inatumika. Kuku akipotea mtaani, teja ndiye wa kwanza kushikwa. Pengine hupigwa mpaka akafa, na jioni watu hula chakula chao kana kwamba halikutukia neno. Hata jina alilobatizwa nalo husahauliwa. Huitwa teja, basi.

Tutazame na mnyororo wa sheria. Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994 ilipotungwa, iliweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa mtu aliyepatikana na heroini ya kutumia mwenyewe. Aliyepatikana na chombo cha kuitumia aliweza kufungwa hadi miaka 10. Mwaka 2022 Bunge liliibadili sheria hiyo, lakini kuwa na dawa hizo, hata kwa matumizi ya mtu mwenyewe, kungali kosa la jinai. Sasa mfikirieni kijana aliyeanza kuvuta akiwa na miaka 17. Anatiwa rumande. Usiku ule ule arosto inamshika: mifupa inauma, tumbo linakatika, anatapika, anatetemeka, halali. Je, kuna mzazi anayemjua kijana aliyepona kwa njia hiyo? Wengi hutoka wakiwa na ugonjwa wao wa zamani, na juu yake wameongezewa aibu, na rekodi ya kifungo inayomfanya kila mwajiri kufunga mlango.

Mtu atasema, basi tuuondoe unga wenyewe, na mambo yatakwisha. Ni kweli kwamba unga ukamatwe. Lakini Pwani yetu imekwisha kuona jambo moja. Mwishoni mwa mwaka 2010 unga uliadimika ghafula mitaani. Je, watumiaji walipona? La. Walishikwa na arosto kwa wingi kuliko vituo vilivyoweza kuwapokea, na wengine wakageukia vidonge na pombe na michanganyiko ya hatari. Unga ulipungua, ugonjwa ukabaki pale pale. Ukiondoa maji mtungini hukuondoa kiu.

Na huo unga wenyewe hauletwi na kijana mwenye kete moja mfukoni. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi baharini mashariki ya Mombasa, na ndani yake mlikuwa na kilo 1,032 za heroini. Novemba mwaka ule ule ndugu wawili wa jamaa ya Akasha walikamatwa Mombasa. Kesi yao ilivutwa huku na huku mpaka Januari 2017, walipopelekwa Marekani. Oktoba 2018 walikiri makosa yao mbele ya mahakama ya New York, na humo ikaelezwa jinsi walivyohonga maofisa wa hapa kwetu ili kesi isiendelee. Ndugu zangu, wavu wetu umekuwa ukinasa dagaa, na papa anaupasua. Wanaotetea haki za watumiaji wa dawa hawaombi papa aachiliwe. Wanaomba dagaa asihukumiwe kama papa.

Basi wanaomba nini? Ni vema tuwasikilize wenyewe, kwa sababu hapa Kenya watumiaji wameunda chama chao, na wengine waliopona wamekuwa watetezi. Wanaomba mgonjwa apelekwe kwa mganga badala ya kupelekwa jela. Wanaomba asipigwe, wala asifungiwe mahali kwa nguvu kwa jina la matibabu. Wanaomba mwanamke mja mzito anayetumia unga asifukuzwe kliniki. Na wanaomba wasijadiliwe pasipo wao kuwepo. Hayo si mageni. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 28, yasema kila mtu ana heshima yake ya kiutu, nayo ilindwe. Kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya afya na matibabu. Katiba haikuandika, isipokuwa teja. Wala sisi tusiongeze neno hilo.

Tena dawa ipo. Iko dawa ya maji iitwayo methadoni. Mgonjwa huinywa mara moja kila siku mbele ya mhudumu, nayo humwondolea arosto kwa muda wa siku nzima, pasipo kumlewesha kama unga, akaweza kufanya kazi, kula na kulala. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa za lazima. Jirani zetu wa Tanzania walianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Hapa kwetu ilianza Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2014, kisha Malindi na Mombasa mwaka 2015, na baadaye mahali pengine. Tena iko naloksoni, dawa inayoweza kumrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini akiwa karibu kukata roho.

Lakini huduma moja imewatia wakristo wengi mashaka, nayo ni ile ya kuwapa watumiaji sindano safi. Serikali ilipoitangaza mwaka 2012, viongozi wengi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, waliipinga. Walisema, je, huku si kumsaidia mtu kutenda dhambi? Swali hilo ni la haki, na lastahili jibu.

Uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa miaka ile ulikuta kwamba kati ya watu 100 wanaojidunga hapa Kenya, karibu 18 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Katika taifa zima, mwaka 2012, hesabu ilikuwa chini ya 6 kati ya watu wazima 100. Sababu kubwa ni sindano moja kupita mikono mingi. Kijana yule ana mke, au atakuwa naye. Ana mtoto, au atakuwa naye. Sindano safi haimfundishi kujidunga, maana alijifunza zamani. Yazuia tu asife kabla siku yake ya kupona haijafika. Tena anayekuja kuchukua sindano hukutana na mhudumu, husema naye, na wengi wameanza safari ya matibabu kwa mlango huo. Mtu akizama pale Likoni, mvuvi hamwulizi kwanza ni nani aliyemtuma majini. Humtoa kwanza. Mahubiri hayasikiki na mtu aliyekwisha zama.

Na tusidhani kwamba kazi hii ni ya watu wasiomcha Mungu. Huko Australia liko kanisa liitwalo Uniting Church, lililoundwa mwaka 1977 na Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakongrigeshenali walioungana. Mjini Sydney, katika mtaa wa Kings Cross, vijana walikuwa wakifa vichochoroni kwa kuzidiwa na heroini. Mwaka 1999 kanisa dogo la hapo liitwalo Wayside Chapel lilifungua chumba ili wasife peke yao, na mchungaji wake, Ray Richmond, akashtakiwa. Baadaye mashtaka yaliondolewa, sheria ikabadilishwa, na Mei 2001 kituo halali kikafunguliwa chini ya uongozi wa kanisa lile lile. Mwaka 2010 Bunge la jimbo lilikifanya kuwa cha kudumu. Maelfu ya watu wamezidiwa na dawa humo, na wauguzi wakawarudishia pumzi. Hatusemi kwamba kila mji wetu ujenge nyumba kama ile. Twasema kwamba wakristo wenzetu waliuliza swali jema: nini kitamfanya mtu huyu awe hai kesho?

Tukirudi kwa Marko, twaona jambo la ajabu. Wagerasi walipomwona mtu yule ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, hawakupiga vigelegele. Waliogopa. Nguruwe wapata 2,000 walikuwa wameangamia baharini, nao wakamsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Kumponya mtu mmoja kuliwagharimu, nao hawakutaka gharama hiyo. Je, si hivyo hata leo? Kila mtu asema vijana watibiwe, lakini kituo kikitaka kujengwa mtaani mwetu, twasikia, la, kisiwe hapa, kitaharibu bei ya viwanja. Kwa miaka mingi huduma hizi ziliegemea sana misaada ya nje. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipoisimamisha mingi ya misaada yake, ndipo ilipoonekana wazi jinsi uhai wa wagonjwa wetu ulivyotegemea mfuko wa wengine. Hao ni watoto wetu. Ni haki yetu, na ni wajibu wetu, kuwauliza wabunge na magavana wetu fedha za kuwatibu zi wapi, kama tunavyouliza juu ya barabara na maji.

Yule mtu naye aliomba aingie chomboni afuatane na Yesu. Yesu hakumruhusu. Alimtuma nyumbani kwa watu wake, akawaeleze. Tumezoea kuyasoma maneno hayo kama amri kwa yule mtu. Lakini kuna amri ndani yake kwa watu wa nyumbani pia. Akifika, atampata nani mlangoni? Wale wale waliokuwa wakishika minyororo!

Labda wewe unayesikiliza sasa ni mama ambaye mwanawe yuko maskani asubuhi hii, nawe hujamwambia mtu ye yote kanisani, hata akina mama wenzako wa chama. Twakuambia, mama, usione haya. Huna sababu ya kujificha. Nenda kwa mchungaji wako. Nenda katika hospitali ya serikali ukaulize habari za methadoni. Na wewe kijana unayetumia, kama sauti hii imekufikia, Mungu analijua jina lako, lile la ubatizo, na hajalibadili.

Nanyi wapenzi wa ushirika, twawaomba mambo matatu wiki hii. Kwanza, neno teja litoke vinywani mwetu, na tuwaite watu hawa kwa majina yao. Pili, mkiwaona wananchi wamemzunguka kijana kwa mawe na fimbo, msipite kando. Paza sauti, ita wazee, ita polisi, mtoe akiwa hai. Tatu, kila baraza la kanisa lichague watu wawili waende kukitembelea kituo cha matibabu kilicho karibu, waone kwa macho yao, wawasikilize wagonjwa wenyewe, kisha walieleze kanisa. Maana ni vigumu kumwogopa mtu ambaye umekwisha kuketi naye.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyevuka ziwa usiku wa dhoruba kwa ajili ya mtu mmoja aliyetupwa na watu wake, uwatazame walio makaburini leo. Uwape uhai mpaka siku ya kupona kwao. Uwape watunga sheria wetu hekima, na mahakimu wetu rehema. Na kila utakayemtuma nyumbani, utujalie tumfungulie mlango. Twaomba kwa jina lako takatifu. Amina.